Kwa Nini Vijana Wetu Wanaingia Kwenye Magenge, na Nani Analipa Deni

Ndugu zangu na dada zangu, leo nataka tuzungumze jambo ambalo kila mtu mtaani analijua, lakini akija mgeni tunajifanya hatulijui. Magenge. Vijana wetu wenye visu na mapanga. Nazungumza na wewe wa Kisauni, wa Likoni, wa Majengo, wa Mji wa Kale, na wewe uliye mbali na Mombasa lakini unaijua hali hii kwa sababu na kwenu ipo.

Mimi si sheikh na si wakili. Ni kijana mwenzako, kazi yangu ni kukaa na vijana na kuwasikiliza. Nitasema ninachokijua, nawe upime.

Neno langu ni moja. Kijana anaingia kwenye genge akitafuta vitu ambavyo ni haki ya kila binadamu kuvitafuta. Genge linampa kwa mkopo. Na siku ya kulipa, anayelipa ni yeye, mamake na mtaa wake. Wale waliofaidika hawapo.

*Genge halianzi na panga*

Kijana wa miaka 16 akishikwa na panga, tunasema "huyu muovu", basi, maneno yameisha. Lakini miaka mitatu nyuma yule yule alikuwa wapi? Alikuwa kiwanjani anacheza mpira na wenzake. Jioni wanakaa maskani, wanacheza gemu, wanataniana. Hakuna genge hapo. Kuna marafiki tu.

Jambo hili halikuanza kwetu. Mwaka 1927 mtafiti wa Marekani, Frederic Thrasher, alichapisha utafiti wake juu ya makundi 1,313 ya vijana katika mji wa Chicago. Alichokiona ni kwamba makundi mengi yalianza kama watoto wanaocheza pamoja. Kilichoyageuza kuwa magenge ni ugomvi. Kundi likipata adui, linajifunga, linajipa jina, linaweka mipaka yake, na kutoka inakuwa vigumu.

Sasa angalia kwetu. Vijana wa mtaa mmoja wanapigana na wa mtaa wa pili kwa sababu ya mechi, au msichana, au maneno ya mtandaoni. Mmoja anaumizwa. Wenzake wanasema lazima tulipe. Kutoka siku hiyo kuna "sisi" na kuna "wao". Hata yule ambaye hakupigana na mtu hawezi tena kupita ile njia, manake anajulikana anakaa upande gani. Mombasa tumesikia majina kama Wakali Kwanza na Wakali Wao. Yasikilize vizuri hayo majina: kila mmoja anataka kuwa mkali kuliko mwenzake. Na hao wenzake ni watoto wa madrasa jirani.

*Anatafuta nini?*

Cha kwanza ni ulinzi. Kama njia ya kwenda shule inapita kwa watu wanaokusaka, utatafuta watu wa kutembea nao. Wengi hawakubeba kisu ili waibe. Walibeba kwa sababu ya woga. Lakini kisu hakijui kwamba ulikibeba kwa woga. Kikishakuwa mfukoni, ugomvi ambao ungeisha kwa ngumi unaishia kaburini.

Cha pili ni pahali. Tuseme ukweli kuhusu nyumba zetu. Chumba kimoja au viwili, watu sita au saba. Mvulana akifika miaka 13 au 14, anaambiwa "wewe sasa mkubwa, nenda ukalale na wenzako". Anahamia geto. Kutoka siku hiyo hakuna mtu mzima anayejua alilala saa ngapi, alikula nini, na nani alikuja usiku. Geto halina mzazi. Mkubwa mle ndani ni yule mwenye pesa ya muguka, na kesho yake ya tembe, na mwisho ya unga.

Cha tatu ni jina. Kijana aliyetoka shule Form Two kwa kukosa karo hana pahali anapoitwa kwa heshima. Nyumbani anaitwa mzigo. Kazini hana kazi. Genge linampa jina jipya, na watu wakilisikia wanaogopa. Kwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumuona, kuogopwa kunafanana sana na kuheshimiwa.

Cha nne ni pesa. Hili sina haja ya kulieleza.

Lakini hapa tuwe waangalifu. Tukisema "ni umaskini" tukanyamaza, tunawatukana maskini. Vijana wengi wa mitaa yetu ni maskini na hawajawahi kumgusa mtu. Wanasukuma mikokoteni, wanaendesha tuktuk, wanauza maji barabarani. Mara nyingi nikiwauliza ni nini kiliwazuia, jibu huwa dogo sana. Kocha aliyemfuata nyumbani siku hakuja mazoezini. Shangazi aliyemfungulia mlango. Ustadh aliyemuuliza "jana sikukuona, ulikuwa wapi?" Mtu mzima mmoja aliyekuwa anahesabu vichwa, akaona kimoja hakipo.

*Faida inakwenda kwa nani?*

Hebu tufuate simu. Vijana watatu wanampora dada simu ya shilingi 30,000. Usiku huo inauzwa kwa 4,000 au 5,000. Wanagawana, na kufikia asubuhi hawana kitu. Aliyeinunua anaisafisha, anaiuza kwa bei nzuri, na mchana yuko dukani kwake anasalimiwa. Nani ametajirika hapo? Na aliyetia roho yake hatarini ni nani?

Na wewe unayenunua simu ya bei ya ajabu, bila risiti, bila kuuliza, nawe umo. Sheria ya Kenya inaita hilo kosa la kushika mali ya wizi, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 14. Kusingekuwa na mnunuzi, panga lingekaa shambani.

Kuna na mnunuzi wa pili, yule wa msimu wa kura. Watu wa Pwani tuna kumbukumbu yake. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, vijana waliokuwa wameandaliwa na kulishwa viapo walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua, wakachukua bunduki. Kisha mashambulizi yakaendelea dhidi ya watu wa bara. Hilo halikuwa genge la mtaani kama tunayoyaona leo, lakini angalia mbinu. Vijana wasio na kazi wakaambiwa shida zao zimeletwa na jirani. Wakaahidiwa mashamba na kazi.

Walipata nini? Zaidi ya watu 100 waliuawa. Maelfu wakahama makwao. Watalii wakakimbia, hoteli zikabaki tupu, na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, wakiwemo wazazi wa vijana wale wale. Vijana wakakamatwa na kuteswa. Wanasiasa walitajwa katika uchunguzi wa tume ya Jaji Akiwumi, lakini hakuna mwanasiasa aliyefungwa kwa damu hiyo. Wazee walisema: vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Kila miaka mitano kunguru wanarudi. Wanakuja na fulana, na pesa kidogo, na "kazi ndogo ya usalama". Ukipewa kazi ya kufukuza watu mkutanoni, jiulize swali moja: huyu bwana, mwanawe yuko wapi leo?

*Jambo ambalo hakuna anayekwambia maskani*

Sasa tuje kwenye sheria, na hapa nakuomba usome polepole.

Wengi wanafikiri kumpora mtu simu ni wizi mdogo, miezi sita na unatoka. Si kweli. Katika Sheria ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 296(2), uporaji unakuwa wizi wa mabavu kama kuna moja tu kati ya haya: ulikuwa na silaha hatari, au mlikuwa wawili au zaidi, au ulimpiga au kumjeruhi mtu. Moja tu inatosha. Adhabu iliyoandikwa ni kifo.

Rudia tena. Watu wawili, mmoja amemtisha mtu na mwengine amesimama kando anaangalia njia, wamechukua simu moja. Kesi ni wizi wa mabavu. "Mimi sikumgusa" haikutoi.

Ni kweli Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Lakini maana yake ni kwamba unakaa ndani, Shimo la Tewa au kwengineko, miaka inakwenda. Mamako anakuja na kaimati siku za kutembelea, kisha anazeeka, kisha siku moja anakuja ndugu yako kukupa habari za mazishi.

Utaambiwa, "wewe mdogo, beba wewe panga, hawatakufanya kitu." Ni uongo. Mtu wa chini ya miaka 18 hahukumiwi kifo, lakini kushtakiwa anashtakiwa. Sheria ya Watoto ya 2022 imeweka umri wa kuwajibika kwa jinai kuwa miaka 12. Anayekupa panga kwa sababu wewe ni mdogo anajificha nyuma ya mtoto. Huyo si mkali.

Na wewe unayepiga picha na visu ukazitia mtandaoni ili uogopwe, jua hili. Chini ya sheria ya 2010 ya kuzuia uhalifu wa magenge, kuwa mwanachama ni kosa, na hata kujidai mwanachama ni kosa. Mwisho wa mwaka 2016 serikali ilitangaza majina 90 ya magenge yaliyopigwa marufuku. Ile video ya kuchekesha wenzako ni ushahidi uliojitolea mwenyewe.

Hata ukitoka, kuna cheti cha tabia njema. Ukitaka kazi ya ulinzi, au udereva wa kampuni, au kusafiri kwenda kutafuta maisha Saudi Arabia au Qatar, utaulizwa hicho cheti. Hapo jina la maskani litakutafuta tena.

*Mtaa unalipa vipi*

Wanasema genge linalinda mtaa. Haya, tuangalie huo ulinzi.

Mama muuza mahamri alikuwa anatoka alfajiri kuwasha jiko. Sasa anangoja kupambazuke, na wateja wa mapema wameshapita. Hiyo ni karo imepotea. Duka lililokuwa likifungwa saa nne usiku linafungwa saa moja. Tuktuk haliingii ndani, linakushusha barabarani na mgonjwa wako. Msichana anaacha masomo ya jioni kwa sababu njia si salama. Watoto wanakatazwa darsa baada ya Isha. Mpangaji mwenye kazi nzuri anahama, na nyumba inakaa bila mtu.

Kisha kuna adhabu ya anwani. Kijana msafi anaenda kuomba kazi, anaulizwa "unakaa wapi?" Akitaja mtaa, uso wa mwenye kazi unabadilika. Yeye hakumkata mtu. Lakini genge limeandika jina lake kwenye kipaji cha kila mvulana wa mtaa ule. Polisi wakifanya msako, hawaulizi nani ni nani. Wanabeba wote waliokaa kibarazani, na familia zinahangaika usiku kutafuta pesa za kuwatoa.

Na kubwa zaidi ni kimya. Watu wameona, wanamjua, lakini hawasemi. Wanaogopa kulipiziwa. Pengine aliyefanya ni mtoto wa jirani aliyekula sahani moja na mwanao. Kimya hicho ndicho kinachompa genge nguvu kuliko panga lolote.

*Risasi si dawa*

Hapa najua wengine watanikasirikia. Mtu aliyekatwa panga, au aliyepoteza mwanawe, akisema "hao wauawe tu", simlaumu. Uchungu ni wake. Lakini tukishapoa, tufikiri.

Katiba yetu, ibara ya 26, inalinda uhai wa kila mtu. Ibara ya 49 inasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, aambiwe kosa lake, na awe na haki ya wakili. Haijasema "isipokuwa mvulana wa mtaa fulani".

Tuache hata katiba. Kijana akipigwa risasi kichochoroni, au akichomwa na tairi na umati, anakufa na siri zake. Nani alikuwa akinunua simu? Nani alileta zile tembe? Nani alilipa ile "kazi ya usalama"? Wote hao wanalala vizuri usiku huo. Mdogo wake, aliyeona maiti, ana miaka 11, na sasa ana adui. Genge limepata mtu mwengine bila kutoa jasho. Na kuna siku anayechomwa ni yule asiyekuwa na hatia, aliyekuwa akikimbia kama wengine wote.

Kwa hivyo msimamo wangu ni mmoja na hauna kona. Aliyemjeruhi mtu akamatwe, ashtakiwe, ahukumiwe. Na polisi akimuua mtu bila haki, naye aulizwe. Mamlaka ya IPOA iliundwa kwa sheria ya 2011 kwa kazi hiyo, na raia yeyote anaweza kupeleka malalamiko. Sijawahi kuona ni kwa nini mtu achague moja kati ya hayo mawili.

*Inawezekana kubadilika?*

Inawezekana. Glasgow, mji mkubwa wa Uskoti, ulikuwa na sifa mbaya ya vijana wa magenge kukatana visu, mtaa kwa mtaa, baba hadi mwana. Mwaka 2005 polisi wa huko walianzisha kitengo maalum, wakasema vurugu tuitazame kama ugonjwa unaoambukiza: unaweza kuzuiwa. Kutoka 2008 waliwaita vijana wa magenge ndani ya mahakama, si kuwahukumu bali wasikilize. Polisi akawaambia tunawajua. Daktari akaeleza anachokiona usiku wodini. Mama aliyefiwa na mwanawe akasimama akazungumza. Kisha wakaambiwa: ukiacha kisu, kuna msaada wa masomo na kazi, piga nambari hii. Ukiendelea, sheria itakuja kwa kundi zima.

Mwaka 2004/05 Uskoti ilikuwa na mauaji 137. Miaka kumi baadaye yalikuwa chini ya nusu. Mpango huo peke yake haukufanya yote, lakini angalia ulivyojengwa: sheria kwa mkono mmoja, mlango wa kutokea kwa mkono wa pili. Sisi tumezoea mkono mmoja tu, na mara nyingi huo umeshika bunduki.

*Tufanye nini*

Wewe uliye ndani ya genge: toka kabla ya damu, si baada yake. Usitoke kwa kutangaza. Punguza maskani kidogo kidogo, badilisha geto, nenda kwa mjomba au khalati mtaa mwengine kwa muda ukiweza. Tafuta mtu mzima mmoja unayemuamini, umwambie ukweli wote. Kama unatafutwa na polisi, usikimbie na usijisalimishe peke yako. Nenda na mzazi, na wakili au watu wa haki za binadamu, mchana, watu wakiona.

Wewe ambaye rafiki yako ameingia: usimtenge. Ukimwacha, amebaki na wao tu. Kataa kumfichia silaha, kataa kula cha wizi, lakini mpigie simu.

Wewe mzazi au kaka mkubwa: jua geto la kijana wako liko wapi. Nenda, bisha hodi, upeleke chakula. Akija nyumbani na simu ambayo hukumnunulia, uliza siku hiyo hiyo. Samaki mkunje angali mbichi.

Ninyi wazee wa mtaa na maimamu: mlango wa msikiti usimtazame kijana kwa mavazi yake na nywele zake. Mitaa miwili ikigombana, wazee wa pande zote wakutane usiku ule ule, kabla ya wale vijana kukutana. Ugomvi uliozimwa siku ya kwanza hauhitaji mazishi.

Na sisi vijana tusio kwenye magenge, ambao ndio wengi: tuhesabu vichwa. Kwenye timu, kwenye darsa, kwenye kibaraza. Yule ambaye hajaonekana wiki mbili, mmoja wetu amfuate. Hilo halihitaji mfadhili wala semina hotelini.

Kijana wa mtaa si takataka ya kufagiwa, wala si shujaa wa kusifiwa kwa damu ya jirani. Ni mtu. Akikosea ajibu makosa yake mbele ya hakimu, na akitaka kurudi akute mlango uko wazi.

Chukua simu yako sasa hivi. Kuna jina moja limekujia kichwani ukiwa unasoma. Mtafute leo, usingoje kesho.